Gari Kuukuu Lisiloguswa: Kulipima Kabla ya Kuachana Nalo

Gari lisiloguswa ni gari la zamani ambalo bado lina rangi, siti, vioo, injini na chesi lilivyotoka kiwandani, au sehemu kubwa ya hivyo, na ambalo matengenezo yake yote yalikuwa ya kulifanya litembee, si ya kulifanya lionekane jipya. Kinacholitenga na mkweche si umri wala sura. Yote mawili yanaweza kuwa yamepauka, siti zimechanika na bampa limepinda. Mkweche umepoteza vitu vyake njiani. Gari lisiloguswa limezeeka navyo. Shirikisho la kimataifa la magari ya kale, FIVA, lililoanzishwa 1966, hulihesabu gari kuwa la kihistoria likifikisha miaka 30 na likiwa limetunzwa kwa namna inayolingana na historia yake. Mkataba wa Torino, ambao shirikisho hilo liliupitisha 2012, unatanguliza kuhifadhi kilichopo kabla ya kufikiria kukikarabati.

Kwa hesabu ya miaka 30 peke yake, hata Corolla ya mwanzoni mwa miaka ya 1990 imeshaingia kundini, na barabara ya Kilwa bado inazo. Kwa Dar es Salaam, hata hivyo, mpaka wenye maana ni wa nyuma zaidi. Hadi katikati ya miaka ya 1980 fedha za kigeni zilikuwa adimu, magari mapya mengi yalikwenda serikalini na kwenye mashirika ya umma, na kuna kipindi magari binafsi yalizuiwa barabarani Jumapili baada ya saa nane mchana ili kuokoa mafuta. Mwaka 1984 serikali iliruhusu wenye fedha zao za kigeni kuagiza bidhaa kutoka nje, na katika miaka ya 1990 magari yaliyotumika kutoka Japani yakaanza kumiminika. Gari lililofika kabla ya hapo lilipita miaka mingi ambayo boliti moja ilikuwa mali. Liliunganishwa kwa kilichopatikana: kabureta ya gari lingine, taa ya lori, waya wa simu. Ndiyo maana gari ambalo kweli halijaguswa ni adimu zaidi Mbagala au Mwananyamala kuliko huko lilikoundwa, na ndiyo maana pia viraka vya enzi hizo havistahili kudharauliwa, kama itakavyoonekana mbele.

Aina zinazokutwa uani zinafahamika. Peugeot 404, Pijo kwa wengi, ilitoka 1960 kwa mchoro wa Pininfarina wa Italia, na ilishinda mashindano ya East African Safari mara nne: 1963, 1966, 1967 na 1968. Mwaka 1966 na 1967 usukani ulishikwa na Bert Shankland, aliyekuwa mkazi wa Tanzania, akiwa na Chris Rothwell pembeni. Peugeot 504 iliyoifuata mwaka 1968 ilishinda Safari ya 1975 na ya 1978, na iliunganishwa Mombasa nchini Kenya na Kaduna nchini Nigeria. Kuna Land Rover za Series II na IIA, kuna Volkswagen Beetle, Morris Minor na Datsun za mwanzo. Jina kubwa halitoshi kulifanya gari kuwa adimu. Land Rover zilikuwa nyingi kuliko gari jingine lolote la kazi, na zilizobaki bado ni nyingi. Tamasha la Land Rover lililofanyika Arusha Oktoba 2024 lilionyesha hivyo. Adimu ni ile ambayo haijabadilishwa injini, haijarefushwa bodi kwa ajili ya watalii na haijapigwa rangi ya tatu.

Upimaji huanza na namba, kwa sababu namba zisipolingana mengine yote hushuka thamani. Kadi ya gari ina namba ya chesi na namba ya injini. Peugeot huwa na kibati kilichopigwa riveti ndani ya chumba cha injini, na namba iliyogongwa kwenye bodi yenyewe. Land Rover ya IIA ina kibati ndani, lakini ushahidi mzito ni namba iliyogongwa kwenye chesi, kwenye sikio la springi ya mbele upande wa kulia. Sehemu hiyo hufunikwa na grisi, udongo na kutu hadi isionekane. Husafishwa kwa brashi na mafuta ya taa. Anayeleta mashine ya kusagia anafuta kile alichokuja kukisoma. Herufi za kiwandani hukaa kwa kina kimoja na mstari mmoja. Zinazopanda na kushuka, au zilizo juu ya chuma kilichosagwa kikawa laini, zinahitaji maelezo. Riveti nazo zina la kusema: kibati cha miaka ya 1960 kilichoshikwa na skrubu mpya ya kung'aa kimewahi kutoka mahali pake.

Land Rover zina fumbo lao. Kwa kuwa vipande vyake hufungwa kwa boliti na huingiliana kati ya toleo moja na jingine, gari moja linaweza kuwa na uso wa Series III na moyo wa IIA. IIA ilitengenezwa kati ya 1961 na 1971. Saa zake, yaani spidomita na vipimo vya mafuta na joto, ziko katikati ya dashibodi, wakati za Series III zimehamia mbele ya dereva. Taa za mbele za IIA zilikaa karibu karibu katikati, ndani ya wavu, hadi mwishoni mwa miaka ya 1960 zilipohamia kwenye mudgadi. Gari lenye kadi ya 1965 na taa za pembeni limebadilishwa uso, na mwuzaji anayeapa kwamba lilitoka hivyo hajui gari lake au anajua sana.

Baada ya namba ni rangi, na hapa ndipo jicho la mjuzi na jicho la mpita njia huachana kabisa.

Mlango wa dereva wa 404 unatosha kuwa darasa. Ukifunguliwa, ukingo wa juu, pale kiwiko cha dereva kilipopumzika miaka na miaka, huwa rangi imeisha hadi chuma. Kuisha huko hakuna ukali. Rangi ya juu inapungua taratibu, inafuata rangi ya chini ya kijivu, kisha chuma chenyewe ambacho kimelainishwa na ngozi na jasho hadi kikawa cheusi chenye mng'ao. Chini ya kitasa kuna mikwaruzo midogo iliyokusanyika kama nusu duara, ya funguo na pete. Mpira wa mlango umekakamaa na kupasuka, lakini hauna tone la rangi juu yake. Hii ni rangi ya kiwandani. Gari lililopigwa rangi gereji, hata kwa mkono mzuri, huacha mstari pale gazeti na gundi vilipoishia, huacha ukungu wa rangi kwenye mpira na kwenye nyaya za ndani ya boneti, na kwa kuwa gereji nyingi za Dar hupulizia chini ya mti au pembeni ya barabara, huacha vumbi na hata mbu walionaswa wakiwa hai. Mahali pa kuthibitisha ni pale ambapo fundi hakuona sababu ya kufika: nyuma ya bamba la namba, chini ya kapeti ya buti, ndani ya kifuniko cha tangi, chini ya siti.

Rangi ya zamani iliyopigwa jua la pwani hutoa unga. Kitambaa cheupe kikipitishwa juu ya boneti hutoka na rangi ya gari. Wenye magari wengi huona hilo kama ugonjwa na kukimbilia msasa. Si ugonjwa. Ni dalili nzuri, kwa sababu rangi nyingi za kisasa zenye vanishi juu hazifanyi hivyo, na chini ya unga huo mara nyingi rangi ipo bado, inasubiri nta na mkono wenye subira.

Puti hutafutwa kwa sumaku ndogo iliyofungwa kwa kitambaa ili isikwaruze. Ikitembezwa kwenye mlango wa Pijo hushika. Ikifika penye puti nene hulegea au huanguka. Wasio na sumaku hugonga kwa kifundo cha kidole na kusikiliza: bati hulia, puti hukaa kimya. Kwenye Land Rover mtihani huu hugeuka kichwa chini, na wapo walionunua vibaya kwa kutojua. Bodi ya Land Rover ni ya aloi ya aluminiamu iitwayo Birmabright, na sumaku haipaswi kushika kwenye mudgadi, boneti wala ngozi ya mlango. Ikishika, hicho ni kipande cha bati la kawaida kilichokatwa na fundi bati baada ya ajali. Chuma cha Land Rover kiko kwenye chesi, kwenye ukuta unaotenga injini na abiria, na kwenye fremu za milango.

Sifa ya Land Rover kwamba haipati kutu imewaponza wengi. Aluminiamu haishiki kutu nyekundu, lakini ikigusana na chuma penye unyevu wa chumvi huliwa taratibu na kugeuka unga mweupe, hasa kwenye riveti na pembe za mlango. Chesi nayo ni sanduku la chuma lenye uwazi ndani, na huoza kuanzia ndani. Mpimaji huingia chini na spana ndogo, akagonga mkono mmoja mmoja wa pembeni unaobeba bodi, kisha boriti ya nyuma kabisa ambayo hupokea matope ya magurudumu yote. Chuma kizima hulia ngii, mlio unabaki masikioni kidogo. Kilichooza husema pu, na mara nyingine vumbi jekundu humwagika usoni. Vipande vya kuchomelea juu ya chesi si aibu, ila kila kiraka kinauliza swali kuhusu chuma kilicho jirani yake.

Peugeot 404 haina chesi ya pekee. Bodi yenyewe ndiyo uti wa mgongo. Kutu yake kwa hiyo ni ya hatari zaidi na hujificha zaidi. Hutazamwa kwenye ukanda wa chini ya milango, kwenye sakafu chini ya kapeti, kwenye shimo la tairi la akiba, na ndani ya chumba cha injini pale vichwa vya shokapu za mbele vinaposhikilia bodi. Mahali hapo pakioza, gari ni la makumbusho au la spea, barabarani halifai.

Vioo hupuuzwa na karibu kila mtu. Magari ya Kiingereza yalikuja na vioo vyenye chapa ya Triplex pembeni, ya Kifaransa na ya Kijerumani mara nyingi Sekurit. Gari lenye chapa moja pande zote halijapata ajali kubwa, au lilipata likatengenezwa kwa fedha nyingi. Kioo cha mbele kina hazina nyingine: stika. Mpaka 2017, serikali ilipofuta ada ya leseni ya mwaka ya gari na kuihamishia kwenye mafuta, kila gari lilibandikwa karatasi ya leseni, ya bima na ya wiki ya Nenda kwa Usalama. Stika za bima za miaka ya 1970, ya 1980 na ya mwanzoni mwa 1990 ni za Shirika la Bima la Taifa, maana kampuni binafsi zilikuwa hazijaruhusiwa. Rundo hilo lililopauka kwenye kona ya kioo linaeleza ni mwaka gani gari lilitembea mara ya mwisho, kwa uaminifu kuliko mdomo wa mwenye gari. Vivyo hivyo bamba la zamani la TZ, lile la kabla ya mfumo wa sasa wa herufi T, tarakimu tatu na herufi tatu, na kile kibandiko cha duara refu chenye EAT, alama ya kimataifa ya gari la Tanganyika ambayo Tanzania bado inayo. Kuvibandua ili gari liwe safi ni kama kuosha noti ya zamani kwa sabuni.

Ndani ya gari hutazamwa kama uchakavu unaafikiana. Pedali za klachi na breki zilizolika upande mmoja, usukani uliolainika, siti ya dereva iliyobonyea kuliko ya abiria, na gia ya usukani ya Pijo inayocheza kidogo: vyote hivyo viwe na umri mmoja. Spidomita si shahidi. Nyingi za enzi hizo zina tarakimu tano, zikifika 99,999 zinaanza upya, na za magari ya Kiingereza husoma maili. Harufu husaidia zaidi. Ukungu unamaanisha maji yamekaa. Mkojo wa panya unamaanisha nyaya zikaguliwe moja moja. Mstari wa matope makavu nyuma ya paneli za milango, kwa gari lililokaa bondeni Tandale au kando ya Msimbazi, ni kumbukumbu ya mafuriko ambayo mwenye gari anaweza kuwa ameisahau, kama yale ya Desemba 2011. Morris Minor ya aina ya Traveller, yenye fremu ya mbao nyuma, hukaguliwa mchwa kabla ya chochote.

Kuhusu injini maneno machache yatatosha. Ile ya 404 ina sentimita za ujazo 1,618 na imelazwa upande kwa nyuzi 45. Ya 504 ilianza na 1,796 ikapanda hadi 1,971. Ya Land Rover iliyozoeleka ni 2,286. Land Rover nyingi zilitolewa injini hizo zikawekwa za Kijapani za dizeli, jambo lililokuwa la busara kwa mwenye shamba na la hasara kwa anayetafuta gari lisiloguswa. Injini ya asili iliyokufa lakini ipo ina thamani kuliko injini nzima isiyo yake, na ile iliyotolewa na kuwekwa stoo ihesabiwe kama sehemu ya gari. Kosa kubwa hufanyika siku mnunuzi anapokuja: betri mpya inafungwa, ufunguo unazungushwa, na injini iliyolala miaka 15 inalazimishwa kuamka ikiwa kavu. Pete za pistoni zilizoganda hukwaruza silinda mara moja. Utaratibu ni kutoa plagi, kutia mafuta kidogo ya injini kwenye kila silinda, kuacha siku mbili tatu, kisha kuzungusha kwa mkono. Ikizunguka kwa mkono, hiyo tayari ni habari njema ya kumwonyesha mnunuzi. Mngurumo unaweza kusubiri.

Sasa viraka vya enzi ya shida. Wapimaji wa nje huviona kama kasoro, na wengi wa hapa nao huona haya navyo. Hukumu sahihi hutegemea mambo mawili: je, kiraka kilifanywa wakati gari likiwa kazini, na je, kinaweza kuondolewa bila kuharibu cha asili? Bawaba ya buti iliyochongwa na fundi wa Gerezani kutoka kwenye chuma cha nondo, ikafanya kazi tangu 1982, ni sehemu ya gari hilo kama ilivyo injini. Inaeleza gari lilipoishi. Dashibodi iliyotobolewa msumeno mwaka juzi ili kuweka redio yenye skrini ni uharibifu tu. Kati ya hayo mawili kuna mengi yasiyo na jibu la haraka, kama siti zilizoshonwa upya kwa rexini miaka ya 1970. Wapo wanaozikubali na wapo wanaozikataa, na wote wana hoja.

Gari likishapimwa na kuonekana ni la kweli, swali la kuachana nalo linaanza, na swali hilo huanzia uani kabla halijafika mfukoni. Je, mahali lilipo panaweza kulitunza? Upepo wa Kunduchi, Kawe na Mbezi Beach unabeba chumvi. Kunduchi pana hata mashamba ya chumvi. Gari la bodi ya chuma lililoegeshwa huko bila banda huliwa usiku na mchana, na masika humalizia. Chamazi, Yombo na ndani ya Mbagala kuna nafuu, ingawa udongo wa mfinyanzi unaoshika maji huleta unyevu kutoka chini. Turubai la plastiki, ambalo ndilo kinga ya kwanza ya kila mtu, ni adui: hufungia mvuke ndani, na gari hutoka jasho kila asubuhi. Paa la mabati au makuti lililo wazi pembeni, sakafu ya zege, na shuka la pamba la kuzuia vumbi ni bora mara kumi. Chini ya mwembe hapafai hata kwa wiki. Utomvu na kinyesi cha popo hula rangi hadi chuma.

Mwenye gari asiye na banda, asiye na fundi anayelijua na asiye na nia ya kuvipata katika mwaka mmoja, halitunzi gari, analitazama likifa. Huyo aliuze mapema, kwa sababu kinachouzwa ni kile ambacho hakijaoza. Mwenye banda na uvumilivu hana sababu ya kukimbilia soko, hata kama gari halitembei. Anayesita kwa sababu ya kumbukumbu za mzazi ana hoja halali, ilimradi kumbukumbu hiyo imejengewa paa.

Nyuma ya magari mengi ya namna hii kuna mirathi. Kadi ina jina la marehemu, gari liko kwa mtoto mmoja, na ndugu wengine wanne wana maoni. Hakuna anayeweza kuliuza kihalali mpaka mahakama imteue msimamizi wa mirathi, na kwa wakazi wa Dar es Salaam Kituo Jumuishi cha Utoaji Haki cha Temeke ndicho kinachoshughulikia mashauri ya mirathi na ndoa. Mnunuzi makini huomba barua ya usimamizi kabla hajaomba ufunguo. Mauzo ya kienyeji ya gari la marehemu, kwa makaratasi ya kuandikiana mbele ya mjumbe, yamezaa kesi nyingi kuliko kutu.

Kosa linaloharibu magari mengi zaidi ya chumvi hufanyika kati ya uamuzi wa kuuza na siku ya kuuza. Gari hupelekwa gereji lipendezeshwe. Linapigwa msasa, linajazwa puti, linapuliziwa rangi nyekundu inayong'aa, siti zinavikwa upya, bamba la TZ linatupwa. Methali ya kizuri chajiuza inawaponza hapa: gari lililopendezeshwa hujiuza kweli, lakini kwa mtu wa harusi na maonyesho, ambaye kesho atapata jingine la kufanana. Mkusanyaji aliyetafuta 404 yenye rangi yake ya 1966 ameshaondoka, maana alichokitafuta kimebaki kama vumbi kwenye sakafu ya gereji, na hakirudishwi kwa fedha yoyote. Kuosha kwa maji na sabuni laini, kutoa takataka, kupangusa vioo: hapo ndipo usafi wa kuuzia unapaswa kukomea.

Wanunuzi si wa aina moja. Wa kwanza kubisha hodi ni wa chuma chakavu, mwenye mkokoteni na mizani, anayenunua kwa kilo. Wa pili ni mtu wa spea. Fedha yake inaweza hata kuzidi ya wengine kwa jumla, kwa kuwa atauza taa kwa huyu na gia boksi kwa yule, na gari litakuwa halipo tena. Dalali huleta mteja yeyote, na kazi yake ni kufunga biashara, kwa hiyo hushauri rangi mpya kila mara. Wapo wakusanyaji wa hapa nchini na wa Nairobi, ambako onyesho la Concours d'Elegance limekuwa likifanyika tangu 1970, na wapo wa Ulaya. Kuuza nje kuna uzito wake. Gari likishavuka mpaka halirudi kirahisi: Tanzania hutoza ushuru wa ziada wa uchakavu kwa magari ya zamani, na Kenya imeweka ukomo wa miaka 8 kwa magari yaliyotumika yanayoingizwa. Makumbusho ya Taifa ya Dar es Salaam, ambayo ina Rolls-Royce iliyotumiwa na utawala wa Waingereza na baadaye na Mwalimu Nyerere, inaonyesha kwamba gari linaweza kuwa urithi wa nchi. Gari lenye historia ya namna hiyo lisiuzwe kwa kilo kabla ya wenye makumbusho kuulizwa.

Kati ya wanunuzi wawili waliokaribiana bei, wa kupewa ni yule anayeuliza kuhusu kilichobadilishwa, anayeinama chini ya gari bila kujali suruali, na asiyetaja rangi atakayolipiga. Bei hupangwa baada ya kuorodhesha kwa maandishi kila kilicho cha asili na kila kisicho, pamoja na picha zilizopigwa mchana, chini ya gari zikiwemo. Orodha hiyo humlinda mwuzaji kuliko mnunuzi.

Pamoja na gari hutolewa ufunguo wa akiba, jeki na kipini chake, kitabu cha kiwandani, risiti za zamani hata zilizoliwa na panya, mabamba ya zamani, na sanduku la spea zilizotolewa. Mkataba wa mauziano husainiwa mbele ya wakili, kadi iliyopotea hutolewa taarifa polisi kwanza, na uhamisho hukamilishwa Mamlaka ya Mapato (TRA) kwa namba za mlipa kodi za pande zote mbili. Mpaka jina libadilike kwenye mfumo, gari ni la aliyeuza, na faini za barabarani zitamfuata yeye.